UZI: Bibi ya rais ana kazi gani, na akikuahidi kitu unamdai nani?

Leo tunajibu swali ambalo limejaa kwenye jumbe zangu tangu Juni 2024: mke wa rais ana kazi gani hasa, na ile ofisi yake ilitoka wapi?

Kwa wageni: mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, nimezaliwa na kulelewa Webuye. Sheria za hapa ni zile zile. Sitaji jina la mwanasiasa wala chama. Marais wa Kenya nitawaita wa kwanza, wa pili, hadi wa tano, na wake zao vivyo hivyo. Mkianza kurushiana majina huko chini nafunga maoni, mnanijua.

Kitu kingine kidogo. Huku kwetu tunasema "bibi ya rais" na hatumaanishi nyanya yake. Wa Pwani na Tanzania mtuvumilie. Kwenye uzi nitasema "mke wa rais", na mahali fulani "mwenza", kwa sababu mtakayoiona.

Wacha nianze na matangi ya maji.

Mamangu yuko kwenye chama cha wanawake 18 pale Webuye. Chama cha kuchanga, si cha siasa. Walikianzisha baada ya kiwanda cha karatasi kufungwa mwaka 2009, wakati wazee wengi walirudi nyumbani bila kazi na karo ikabaki mikononi mwa akina mama. Kila wiki wanachanga, mmoja anapewa. Miaka yote hiyo hawajawahi kupigana juu ya pesa, na hiyo ni rekodi.

Siku moja wakaambiwa mgeni mkubwa anakuja, mke wa kiongozi. Sitasema kiongozi yupi wala ngazi gani, kwa sababu uzi huu si wa kumsema mtu. Wakaagizwa wanunue lesso za kufanana, kila mtu ajitolee 450. Walifika uwanjani saa tatu asubuhi. Mgeni alifika saa nane. Wakaimba, wakapigwa picha, na kijana mmoja mwenye faili akapita akiandika majina na nambari za vitambulisho. Kila chama, alisema, kitapata matangi mawili ya lita elfu mbili.

Hayajafika hadi leo.

Mamangu alienda ofisi moja ya serikali na nakala ya ile orodha. Akaambiwa, "Mama, huo mradi si wetu. Hiyo ni ya ofisi ya Mama." Akauliza ofisi ya Mama iko wapi. Kijana wa pale mezani akacheka, si kwa dharau, alicheka tu kwa sababu hata yeye hakujua.

Kinachonishangaza ni kwamba mamangu hana hasira na yule mgeni. "Ni mtu mzuri," huniambia, "alinishika mkono na akaniuliza jina." Namwamini. Inawezekana kabisa mgeni mwenyewe aliahidi kwa moyo safi na kuna mahali faili ilikwama. Shida ni kwamba hakuna mlango wa kubisha kuuliza.

Shikeni hilo swali la mlango. Mijadala mingi kuhusu mke wa rais hubishania nguo zake, maombi yake, safari zake, kama anapendwa au hapendwi. Mimi nataka kujua akiahidi kitu kwa jina la umma, unamdai nani.

Sasa tuingie kwenye Katiba. Ile ya 2010 ina vifungu 264. Rais ana sura nzima, naibu wake yumo, mawaziri wamo. Hakuna kifungu kinachompa mke au mume wa rais kazi yoyote. Hakuna.

Kifungu cha 132 kinasema rais anaweza kuunda ofisi katika utumishi wa umma, lakini kwa kufuata mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Umma. Na ukienda kifungu cha 260, pale mwisho kwenye maana za maneno, ambako watu hawafiki, utakuta ofisi ya umma ni ile ambayo mshahara na marupurupu yake yanalipwa moja kwa moja kutoka mfuko mkuu wa serikali au kutoka pesa zilizotengwa na Bunge. Mke wa rais halipwi mshahara. Kwa hiyo yeye binafsi si afisa wa umma. Lakini watu wanaomzunguka, yaani msaidizi, mwandishi wa hotuba, dereva, mpiga picha, hao wakilipwa na serikali ni watumishi wa umma kama karani yeyote wa wilaya.

Umeona ilivyo? Wafanyakazi ni wa umma, gari ni la umma, mafuta ni ya umma, na yule anayeamua gari liende wapi ni mtu binafsi. Hiyo ndiyo fumbo yenyewe. Mengine yote yanatoka hapo.

Kuna sheria zinazomkumbuka, lakini zinamkumbuka kama mtu wa familia. Sheria ya Marupurupu ya Kustaafu ya Rais, ya 2003, inamjali kwa matibabu na kwa pensheni akibaki mjane. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka huo huo ilimtaka afisa atangaze mali yake na ya mke au mume wake. Yaani anatajwa kama vile mimi ningetajwa kwenye fomu ya bima ya babangu. Kazi hapewi.

Kuna mtu ataniambia: lakini si kila mke wa kiongozi ana kazi hata bila kuandikwa? Kweli, na hapa tuongee kama watu wa nyumbani. Nani hamjui mama mchungaji? Hakuna mtu amemwajiri. Lakini wageni wa kanisa watakula kwake, msichana mwenye shida atalia kwake, mazishini atakaa mbele, na akivaa vibaya Jumapili itajadiliwa hadi Alhamisi. Bibi ya chifu ni hivyo hivyo. Watu wanakuja kwa chifu usiku, chifu hayuko, nani anaamka? Hiyo ni kazi. Ni kazi kubwa bila malipo na bila ruhusa ya kukataa, na ukitaka kujua uzito wake muulize yeyote aliyeolewa na mwalimu mkuu wa shule ya bweni.

Kwa hiyo mimi siungani na wale wanaosema mke wa rais "anakula tu". Akiolewa na wakili au daktari au mkulima ambaye siku moja anakuwa rais, maisha yake mwenyewe yanasimama. Kama alikuwa na kazi, huenda akaiacha. Hawezi kwenda sokoni bila walinzi. Marais wa nje wakija na wake zao, ataketi nao kutwa nzima akitabasamu. Na kura hakupigiwa yeye.

Lakini mama mchungaji anajulikana mpaka wake. Anaweza kuongoza umoja wa akina mama, ila pesa ya umoja ina mweka hazina, kitabu, na siku ya kusomwa. Akiiweka kwenye mkoba wake, hata kama ni malaika, kanisa litagawanyika. Nchi nayo haina kitabu hicho kwa ajili ya mke wa rais, na hapo ndipo tulipo.

Tuangalie tulivyofika hapa. Mke wa rais wa kwanza aliitwa Mama, na barabara ya katikati ya Nairobi na bustani ya ufuo kule Mombasa zinabeba jina lake mpaka sasa. Alikuwa mwenyeji wa Ikulu na sura ya familia. Ofisi yenye bajeti na programu, kwa maana ya leo, haikuwepo.

Kisha rais wa pili. Alitawala miaka 24, kuanzia 1978 hadi 2002, akiwa ametengana na mkewe tangu kabla ya kuingia Ikulu. Miaka 24! Wageni wa kitaifa walikuja wakaenda, mikutano ya kimataifa ilifanyika Nairobi, na kiti cha mke wa rais kilikuwa tupu muda wote. Mtu akikwambia serikali haiwezi kwenda bila ofisi hiyo, muulize kuhusu miaka hiyo. Sisemi ilikuwa miaka mizuri. Nasema tu kwamba kile kiti hakikuwa mojawapo ya vitu vilivyokosekana.

Wa tatu alirudisha kiti, na ndiye aliyetuonyesha fumbo likiwa wazi. Usiku wa 2 Mei 2005, akiwa amekasirishwa na habari zilizoandikwa juu yake, aliingia na walinzi wake kwenye makao ya kampuni moja kubwa ya magazeti Nairobi, akakaa humo hadi alfajiri, na akampiga kofi mpiga picha wa televisheni aliyekuwa anarekodi. Nchi nzima iliona. Kesho yake ilikuwa Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, kama vile mtu alipanga. Mpiga picha alijaribu kumshtaki mwenyewe mahakamani, Mwanasheria Mkuu akaichukua ile kesi na kuifuta.

Watu hukumbuka kofi. Mimi hukumbuka walinzi. Walikuwa polisi wanaolipwa na serikali, wamesimama ndani ya chumba cha habari usiku kucha kwa amri ya mtu asiye na cheo. Wangekataa kwa msingi gani? Wangetii kwa msingi gani?

Wa nne alikuwa upande mwingine kabisa wa sarafu, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndiyo sehemu ngumu ya mjadala.

Mwezi wa Januari 2014 alizindua kampeni iliyoitwa Beyond Zero, lengo likiwa kupunguza vifo vya akina mama wakati wa kujifungua na vya watoto wachanga. Haikuwa shida ya kubuni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008 na 2009 ulikadiria akina mama 488 wakifa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Aprili 2014 alikimbia mbio za London za kilomita 42, akamaliza baada ya zaidi ya saa saba, pesa zikachangwa, na kliniki za kutembea zikanunuliwa ili kila kaunti kati ya 47 ipate yake. Lori jeupe lenye kitanda na vifaa ndani.

Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka watu wazima wakilisifu lori hilo hata kabla ya kuliona. Na sioni mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema nia ile ilikuwa mbaya. Utafiti wa 2014 ulikadiria vifo 362. Kupungua huko hakuwezi kuwa kazi ya malori yaliyokuwa ndiyo kwanza yanaanza kutolewa. Serikali ilikuwa imefuta ada ya kujifungua kwenye hospitali za umma tangu Juni 2013, na vitu kama hivi huwa na sababu nyingi. Lakini alichofanya kilikuwa kitu.

Sasa angalia kilichofuata. Baadaye vyombo vya habari viliripoti zaidi ya mara moja kwamba baadhi ya kliniki zile zimeegeshwa kwenye maboma ya hospitali, hazina mafuta, hazina dereva, hazina wauguzi. Kwa nini? Soma Jedwali la Nne la Katiba. Huduma za afya mashinani ni kazi ya kaunti. Lori limetoka kwa mke wa rais, pesa zimetoka kwa wafadhili na wakimbiaji, funguo amepewa gavana, na mafuta hayako kwenye bajeti ya mtu. Kaunti inasema: hatukuliomba. Wizara inasema: si letu. Kampeni inasema: tulishakabidhi. Mama mjamzito kule kijijini anasema nini?

Ni matangi ya mamangu, tofauti ni kwamba haya yana magurudumu.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema shida ya ofisi hii ni mtu mbaya kuingia. Mtu mbaya akiingia, tuna kofi. Mtu mzuri akiingia, tuna lori lililoegeshwa. Wote wawili walifanya kazi mahali ambapo sheria haikuandika nani anajibu.

Wa tano amekuja na mambo yake: mpango wa akina mama kuweka na kukopeshana pesa mezani, alioshiriki kuuanzisha mwaka 2009 kabla hajafika Ikulu na ambao Webuye unajulikana vizuri, na baadaye kile kilichoitwa diplomasia ya imani. Hilo la pili lilizua kelele. Wengine wakasema kuomba si kosa. Wengine wakakumbusha kifungu cha 8 kwamba serikali haina dini. Mimi naona pande zote mbili ziliruka swali la kwanza: diplomasia ni kazi ya serikali, sasa nani alimpa mtu binafsi kipande chake, kwa karatasi gani?

Ndipo ikaja 2024. Mnakumbuka tulivyokaa hosteli tukisoma vitabu vya bajeti kwenye simu, watu ambao muhula uliopita hawangesoma hata ratiba ya mtihani. Tulikuta mistari ya pesa ya ofisi ya mke wa rais na ya mke wa naibu wa rais. Kwangu huo ndio wakati nilielewa kwamba ofisi inaweza kukosekana kwenye Katiba lakini ikawa na mstari kwenye bajeti, na kwamba mstari wa bajeti una nguvu kuliko tunavyodhani.

Tarehe 25 Juni waandamanaji wakaingia Bunge. Kesho yake rais alikataa kutia sahihi Mswada wa Fedha. Tarehe 5 Julai akatangaza hatua za kuziba pengo la shilingi bilioni 346: kupunguza matumizi kwa bilioni 177 na kukopa zinazobaki, kuvunja mashirika 47 ya serikali, kupunguza washauri kwa nusu, na, hapa ndipo twitani tulilipuka, kuondoa bajeti za ofisi ya mke wa rais na ya mke wa naibu wake.

Tulishangilia. Mimi pia nilishangilia. Lakini nikiangalia nyuma naona tulipewa jibu la pesa kwa swali la sheria. Kuondoa mstari kwenye kitabu hakumwondoi mke wa rais Ikulu. Bado atasafiri, bado atahutubia, bado vijana wenye faili watapita uwanjani wakiandika nambari za vitambulisho. Kazi ikibaki na mstari ukaondoka, gharama itahamia mahali pengine: kwenye mstari wa jumla wa Ikulu, au kwa wafadhili, au kwa wizara "iliyosaidia". Mstari ulipokuwepo, angalau tuliuona na tukauliza. Najua hoja hii haitanipa marafiki hapa. Ndivyo nionavyo.

Majirani wanafanyaje? Vuka Malaba uingie Uganda. Mke wa rais wa huko aligombea ubunge wa Ruhaama mwaka 2006 akashinda, 2009 akawa waziri mdogo wa Karamoja, 2011 akawa waziri kamili wa Karamoja, na 2016 akapewa Wizara ya Elimu. Unaweza kusema ni familia kujijaza serikalini, na hoja hiyo ni nzito. Lakini kuna kitu kimoja: mwalimu wa Uganda akikosa mshahara, anajua mlango. Bunge linaweza kumwita waziri kwa jina na kumhoji. Kwetu, Bunge haliwezi kumwita mke wa rais na kumuuliza kuhusu lori.

Tanzania njia ilikuwa taasisi binafsi. Mke wa rais wa awamu ya tatu alianzisha mfuko wa fursa sawa mwaka 1997, wa awamu ya nne akaanzisha WAMA mwaka 2006. Hizo ni asasi zilizosajiliwa, zina bodi. Sawa, lakini mfanyabiashara akitoa mchango kwa asasi ya mke wa rais, anachangia wasichana wasome au anachangia kusikilizwa Ikulu? Kwenye risiti huwezi kuona tofauti.

Na tangu Machi 2021 Tanzania ina rais mwanamke. Hapa ndipo neno "mwenza" linanisaidia. Mume wake huonekana hadharani kwa nadra, na sijasikia mjadala wowote mkubwa kuhusu ataanzisha kampeni gani, atavaa nini, atakimbia mbio zipi. Malawi walikuwa na rais mwanamke kuanzia 2012 hadi 2014, mumewe ni jaji mkuu mstaafu, na sidhani kuna mtu alimtarajia azunguke vijijini akigawa blanketi. Kwa hiyo tunaposema "kazi za mke wa rais ni za kawaida tu", tujiulize kama ni kazi za Ikulu au ni kazi za mwanamke tulizozihamishia Ikulu. Halafu kuna jambo jingine ambalo watu wa Bungoma mnalijua: Sheria yetu ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za wake wengi. "Ofisi ya mke wa rais", kwa umoja, itafanyaje siku hiyo ikifika? Nawaachia.

Sasa, wengi husema dawa ni kuandika sheria, kumtambua rasmi. Nilikuwa na mawazo hayo hadi nikasoma kesi moja ya Marekani. Kule sheria ya 1978 inaruhusu wafanyakazi wa Ikulu kumsaidia mwenza wa rais pale anapomsaidia rais kwenye kazi zake. Mwaka 1993 rais mmoja akampa mkewe aongoze kikosi cha kurekebisha bima ya afya. Vikao vikafungwa. Chama cha madaktari kikaenda mahakamani: sheria inasema kamati ya ushauri yenye watu wa nje ya serikali lazima ifanye vikao vya wazi, na huyu mama si afisa wa serikali. Mahakama ya rufaa ya Washington ikasema hapana, kwa madhumuni ya sheria hiyo mke wa rais ahesabiwe kama afisa. Matokeo yake? Kikosi kilihesabiwa kuwa cha maafisa watupu, kwa hivyo sharti la vikao vya wazi halikukibana.

Soma tena hapo. Kumtambua ndiko kulikofunga mlango. Kwa hiyo sheria pekee haitoshi. Inategemea imeandikwa kwa faida ya nani.

Iliyonivutia zaidi ni Ufaransa. Mwaka 2017 rais mpya alitaka kumpa mkewe hadhi rasmi, zaidi ya watu 200,000 wakatia sahihi kupinga, na mwezi Agosti Ikulu yao ikatoa waraka mfupi tu. Waraka unasema kazi zake ni zipi: kuiwakilisha nchi pamoja na rais, kusikiliza barua za wananchi, kusimamia hafla na kuunga mkono shughuli za hisani. Unasema halipwi. Unasema hana bajeti yake mwenyewe ya uwakilishi, na anasaidiwa na washauri wawili wa rais na ofisi ya sekretari, gharama zikiwa ndani ya hesabu za Ikulu ambazo mkaguzi huzipitia. Haukuhitaji kubadilisha Katiba. Ukitaka kubisha, unajua unabisha wapi.

Mimi ningependa tuwe na waraka kama huo, na ningeongeza sentensi moja ya Kikenya: mke au mume wa kiongozi asiahidi kitu cha umma mkutanoni mpaka idara itakayokitoa iwe imetajwa hapo hapo, kwa jina, mbele ya waliovaa lesso.

Kuna mtu ameshauliza kwenye maoni: wakati tunangoja waraka, mwananchi afanye nini? Swali zuri, na nina jibu kwa sababu nimelijaribu.

Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili, ndiyo, kimeandikwa hapo. Hulipi kitu kuwasilisha ombi, labda gharama ya nakala. Huhitaji kueleza unataka habari za nini. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikikataa au ikinyamaza, unaenda Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Na kumbukeni fumbo: usimwandikie mke wa kiongozi. Yeye ni mtu binafsi, hata akikujibu atakujibu kwa hisani. Mwandikie afisa anayewajibikia pesa za ofisi ambayo wafanyakazi wake walikuwa pale uwanjani. Gari lilikuwa na nambari ya serikali? Ni la idara gani? Yule kijana wa faili analipwa na nani? Anza hapo.

Tulikaa mezani na mamangu jioni moja, taa ya simu imewashwa kwa sababu stima ilikuwa imepotea, tukaandika barua ya ukurasa mmoja. Tuliuliza mambo matatu: orodha ya majina iliyoandikwa siku ile ihifadhiwe wapi, matangi yalinunuliwa au hayakununuliwa, na kwa pesa za nani. Mamangu alitaka tuanze kwa "Tunakushukuru sana kwa ziara." Nilikataa, tukabishana, akashinda. Wanachama wote 18 walitia sahihi, wawili kwa dole gumba.

Jibu lilikuja siku ya 19, aya moja. Matangi hayo "hayakuwa katika mpango wa ofisi hii" na tunashauriwa "kuwasiliana na ofisi ya Mama". Hawakuandika anwani. Lakini sasa iko kwenye karatasi, ina muhuri na sahihi, na barua ya pili kwa Tume tumeituma Jumatatu iliyopita tukiambatanisha hiyo.

Kama chama chenu kiliandikishwa namna hii, popote, Kitale, Bungoma, Malaba, Kwale, angalieni ile nakala mliyobaki nayo na mniambie juu kabisa imeandikwa nini. Yetu haina kichwa. Ni majina tu, nambari za vitambulisho, na neno MATANGI kwa kalamu ya bluu. Fichueni kichwa peke yake, tafadhali funikeni nambari za watu.

Wiki ijayo: karani wa Bunge ni nani na kwa nini wabunge wanamwogopa.